Shangazi, nimeshatoa kishika uchumba cha Evo na waifu hajui

Shikamoo shangazi. Naandika hii usiku waifu kalala, kwa hiyo nisamehe kama kuna sehemu nitaruka ruka.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, wa kwanza ana miaka minne na mdogo ana miezi saba. Kazini ni kilomita 38 kwenda na 38 kurudi, nusu yake barabara nzuri iliyo wazi, nusu ni foleni ya kusogea na kusimama, af kipande cha mwisho karibu na nyumbani kina matuta na mashimo ambayo nimeshayazoea kwa majina. Gari ninayotumia sasa ni kahachibeki kadogo ka lita 1.3, kamenitunza vizuri siwezi kukasema vibaya, ila kamechoka na mimi nimekachoka, kila nikitaka kuovateki lori inabidi nijipange kama mtu anayesafiri.

Sasa shangazi mimi tangu mdogo ni mtu wa magari ya rali. Nimejibana miaka minne nikapata hela ya kununua gari moja ya maana, na waifu sharti lake lilikuwa moja tu, iwe na milango minne na watoto wakae nyuma bila kubanana. Nikasema sawa kabisa, kwa sababu kichwani mwangu Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) ina milango minne hahaha.

Nimezunguka nimepata nne. Ya kwanza Evo X, gia za mkono, imeshachipiwa (kompyuta ya injini imepangwa upya ili itoe nguvu zaidi) na kushushwa, ina bomba kubwa, muuzaji anasema inatoa farasi 380. Ya pili Subaru WRX ya 2016 haijaguswa kabisa, nayo gia za mkono. Ya tatu BMW 325i ya 2008, oto, ndani ni safi kama imetoka jana. Ya nne Volkswagen Golf GTI ya 2015 ya DSG (oto ya klachi mbili), anaiuza jamaa tunafanya naye kazi, haina tatizo lolote ila mimi naiona ya kistaarabu mno, kama gari ya mtu anayelala saa tatu. Waifu yeye anasema niachane na zote ninunue Mazda 3 ya lita 2.5, yaishe.

Tatizo ni kwamba wiki mbili zilizopita niliiendesha Evo dakika kumi jioni, nikarudi nyumbani sikulala, kesho yake nikatoa kishika uchumba. Waifu hajui. Af juzi ananiambia na yeye atakuwa anaitumia hiyo gari siku mbili kwa wiki, na yeye anaendesha oto tu. Nimekaa kimya.

Niambie ukweli shangazi, Evo X inafaa kuwa gari ya kila siku au najidanganya? Na kama najidanganya, nichukue ipi kati ya hizi, na hapa nilipofika natokaje?

Ni mimi, Mpenda Rali

—

Marahaba mwanangu Mpenda Rali.

Wengi wanaoniandikia mambo ya kishika uchumba huwa wanaongelea mchumba, wewe umeposa chuma, haya, angalau chuma hakina mashemeji. Ingawa hiki nikikisoma vizuri kinao, wanaitwa fundi wa tabo, fundi wa klachi na muuza tairi, na wote watakuja nyumbani kwako wakati mmoja.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kwenye barua yako sio hata hizo farasi 380, ni hizo dakika kumi. Umeiendesha dakika kumi, jioni, barabara imetulia, peke yako. Sasa piga hesabu, kilomita 76 kwa siku na nusu yake foleni, hapo utaikalia saa mbili, siku nyingine saa tatu, kila siku ya kazi. Dakika kumi zile zilikuwa onjo la Jumapili, na wewe unataka kununua gari ya kwenda nayo Jumatatu. Hakuna gari kati ya ulizotaja ambayo haifurahishi kwa dakika kumi, hata hiyo Mazda ya waifu.

Haya tuje kwenye Evo, maana najua ndiyo unayotaka kusikia. Evo X ni gari kubwa kwa sifa na sifa zake ni za kweli, ile injini ya 4B11 ya lita mbili yenye tabo, yaani feni inayosukumia injini hewa ya ziada, magurudumu yote manne yanasukuma, na ule mfumo wa AYC unaogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma kwenye kona, ukiingia kona kwa spidi ambayo wewe mwenyewe unajua umekosea yenyewe inakugeuza tu. Hilo silibishi. Ila sikiliza na upande wa pili. Betri yake wameihamishia kwenye buti ili uzito ukae sawa, na siti za nyuma hazilali, kwa hiyo buti ni dogo na hakuna namna ya kuliongeza, wewe una mtoto wa miezi saba, umeshawahi kupima kigari chake cha kusukuma kikikunjwa kina ukubwa gani? Gia za mkono za Evo X ya kawaida ni tano, hakuna ya sita, kwa hiyo ile nusu ya barabara nzuri injini itakuwa inazunguka juu juu muda wote na mafuta yanakwenda. Ile pampu ya AYC imekaa huko nyuma karibu na tairi ambako maji na tope vinaipiga, ikila kutu ni kilio. Na gari yenyewe walishaacha kuitengeneza tangu katikati ya miaka ya 2010, spea zipo ila sio zile za kutuma kijana akuletee ndani ya nusu saa.

Hapo naongelea Evo nzima, ambayo haijaguswa. Ya kwako imeguswa.

Kiwandani ilitoka na farasi kama 290 hivi. Muuzaji anakwambia 380. Hizo tisini za ziada zimetoka kwenye kuongeza presha ya tabo na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, na hapo ndipo maswali yanapoanza, nani aliichipu, lini, na aliipanga kwa petroli ya okteni gani. Hili la okteni, yaani uwezo wa petroli kuvumilia presha bila kulipuka mapema, watu wanalichukulia poa sana. Gari ikipangwa kwa petroli ya okteni 98 af wewe ukawa unaweka ya chini kwa sababu ndiyo iliyopo kituoni, mchanganyiko kwenye silinda unalipuka kabla ya wakati wake, fundi atakwambia injini inagonga, na kwenye injini yenye presha kubwa ule mgongano ndio unaovunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Haifi siku hiyo hiyo. Inaanza kula oili kidogo kidogo, unaongeza, unaongeza, siku moja moshi wa bluu unakuaga. Kama muuzaji hana karatasi ya vipimo ya huyo aliyeichipu, basi 380 ni namba tu ya mdomoni, inaweza kuwa 330, inaweza kuwa 400, na 400 ndiyo mbaya zaidi.

Na imeshushwa. Mwanangu mimi mwenyewe niliwahi kukaa na gari iliyoshushwa, miezi minane, nilikuwa napanda matuta kwa mshazari kama kaa, nyuma watu wanapiga honi, na bado niling'oa bampa mara mbili. Wewe unasema mashimo ya kwenu unayajua kwa majina, nakuhakikishia na yenyewe yatakujua kwa jina. Ongeza ile klachi ngumu ya gari iliyochipiwa kwenye foleni, halafu bomba kubwa ambalo kwa dakika kumi ni muziki ila kwa spidi ya kusafiria linatoa mvumo mmoja wa chini usiokata, ule mvumo unaingia kichwani. Na kuna mtoto wa miezi saba nyuma.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, unajidanganya. Wapo watu wanaoendesha Evo kila siku, nawajua, ila wengi wao pembeni wana gari nyingine, wanakuambia tu ya kwanza.

Sasa nisikuache na ndoto iliyovunjika hapo katikati. Ulichoniandikia kuhusu kagari kako ka lita 1.3 ni kwamba huwezi kuovateki lori bila kujipanga. Hiyo shida dawa yake sio farasi 380, dawa yake ni msukumo unaokuja mapema, injini ikiwa bado chini. Angalia hapa: WRX ya 2016 ina farasi 268, ile GTI ya kawaida ya 2015 ina kama 220, kwa karatasi wameachana mbali. Lakini msukumo wao wote wawili ni ule ule, Nm 350 (Nm ndicho kipimo cha msukumo), na GTI inaanza kuutoa wote kwenye mizunguko 1,500 tu wakati WRX inaanzia 2,000. Maana yake uko nyuma ya lori, gia ya nne, unakanyaga, inakwenda. Hukushusha gia mbili, hukupiga kelele, mtoto hajaamka. Na GTI ni nyepesi, ina kama kilo mia moja pungufu ya WRX, kwa hiyo kwenye matumizi ya kawaida hilo pengo la farasi hulioni kama unavyodhani, utaliona tu ukibana hadi mwisho, na hadi mwisho utabana wapi wewe na foleni yako.

BMW nitaipitia haraka. 325i ya 2008 injini yake ni ile ya silinda sita kwa mstari isiyo na tabo, na kwa utamu wa usukani na uzito uliogawanyika nusu kwa nusu mbele na nyuma naweka mkono moyoni, kati ya hizo nne mimi moyo wangu uko hapo. Ila ni gari ya umri. Wota pampu yake ni ya umeme na ikifa haiagi, gasketi za kava ya valvu na za nyumba ya filta ya oili zinaanza kutoa jasho, plastiki za mfumo wa kupoza zimeshakauka, na nyingi zilitoka na tairi zile za kutembea hata zikiwa na pancha kwa hiyo ukiangalia kwenye buti spea tairi hakuna. Ndani kuwa safi kama imetoka jana hakuniambii kitu, ndani hakuvuji oili. Mtu mwenye gari ya pili ningemwambia achukue. Wewe una moja.

WRX, hapa nilitaka kukubariki kabisa. Haijaguswa, na ya 2016 haina ile injini ya zamani ya EJ iliyoendelea kwenye STI, kaka yake mwenye nguvu zaidi, ina injini ya FA20 yenye cheni badala ya mkanda, imara zaidi kwa maoni yangu, buti la kawaida, siti za nyuma zinalala, na kama imekuja na rimu za inchi 17 basi tairi zake zina nyama ya kutosha. Lakini umesema mwenyewe waifu anaendesha oto tu. WRX ya oto ya miaka ile ni CVT, oto ya mkanda isiyo na gia za kupanda moja moja, inafika, ila ule utamu uliokuwa unautaka umebaki kwenye ya gia za mkono. Af kuna hili la fo-wili ya Subaru ambalo wauzaji hawakwambii, tairi zote nne lazima zilingane, chapa moja, saizi moja, na hata kulika zisipishane sana maana tofauti ya mzunguko inayoruhusiwa ni milimita sita hivi. Tairi moja ikipasuka na zingine zimeshalika nusu, unanunua nne. Kama waifu yuko tayari kujifunza gia za mkono na anataka kweli, sio kwa kuwa umemganda, basi chukua WRX na usinijibu hata barua. Kama hayuko tayari, yaani umenunua gari ya familia ambayo nusu ya familia haiwezi kuiwasha.

Inabaki hiyo ya mtu anayelala saa tatu.

Nakwambia chukua GTI, na sikwambii kwa unyonge. Gari ya namna hii ndiyo waliyoifikiria tangu ile ya kwanza mwaka 1976, injini ya kuchangamka ndani ya gari ya kwenda nayo kazini. Waifu alitaka milango minne, hii ina mitano, na ule wa tano wa nyuma ndio mlango wa maana kuliko yote kwa mtu mwenye watoto, buti lita 380 na ukilaza siti unaingiza hata kabati. DSG ya GTI hiyo ni ya gia sita yenye klachi zinazooga oili, sio ile ya gia saba ya klachi kavu iliyowaliza watu kwenye magari madogo ya Volkswagen, usichanganye. Waifu ataendesha kama oto, wewe ukiwa peke yako unabadilisha gia kwa vidole kwenye usukani. Na injini yake ni ile ya kizazi cha tatu, zile zilizoitangulia, za kabla ya kama 2012, ndizo zilikuwa na tensiona (kikaza) ya cheni yenye sifa mbaya, ya 2015 imepona hilo.

Haijakosa kasoro zake. Wota pampu na nyumba ya thamosta ni za plastiki na zinavuja, angalia kama kuna alama za kulant iliyokauka pembeni ya injini. Oili ya DSG inabadilishwa kila kilomita 60,000, muombe jamaa yako risiti, na kama anakwambia "hii gia haina sevisi" basi hajawahi kuifanyia. Oili ya injini wewe usisubiri ratiba ndefu za kwenye kitabu, tabo na foleni vikikutana mimi namwaga kila 7,000 au 8,000. Na kama iko kwenye rimu za inchi 18, angalia tairi imeandikwa nini. 225/40 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya upana wake wa milimita 225, yaani sentimita tisa tu kati ya shimo na rimu yako. Ukishuka rimu ya 17 yenye 225/45 unapata sentimita kumi na kidogo, gurudumu zima linabaki karibu ukubwa ule ule hata spidomita haidanganyi, na mashimo yako yenye majina yatakuheshimu kidogo. Huo ndio ubadilishaji pekee ninaokuruhusu mwaka wa kwanza. Usiichipu! Najua umeshaanza kufikiria.

Kuhusu Mazda, mwambie waifu shangazi anamheshimu. Lita 2.5 bila tabo, gari inayokunja vizuri, vitu vya kuharibika ni vichache kuliko zote hapo juu. GTI ya jamaa yako ikikutwa na ubovu, rudi kwenye Mazda bila aibu.

Namna ya kuikagua: nenda asubuhi kabla hajaiwasha, weka mkono kwenye boneti, kama ni ya moto ameshaipasha ili usisikie kitu, rudi siku nyingine. Ikiwaka ikiwa baridi sikiliza mlio wa cheni sekunde za kwanza. Moshi wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha hata ikipata moto ni maji yanaingia kwenye injini, mweusi ni petroli nyingi. Mwende na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, fundi wako sio wake, na kama fundi atakuta kumbukumbu za makosa zimefutwa jana yake, uliza kwa nini zimefutwa. Halafu iingize kwenye foleni halisi, ile ya kusogea hatua mbili hatua mbili, DSG iliyochoka inaanza kutetemeka hapo. Rudi rivasi kwenye mlima. Na uliza bima kabla hujalipa, sio baada, gari zenye hadhi hii bima yake inaweza kukushangaza, na hiyo Evo iliyochipiwa ukiikatia bima bila kusema imechipiwa siku ya ajali utabaki na chuma chako.

Sasa kishika uchumba. Kesho, kabla ya kumpigia muuzaji, mwambie waifu. Sio kwa sababu mimi ni mlokole wa ndoa, ni kwa sababu akisikia kwa mtu mwingine utaendesha hiyo Mazda mpaka mdogo amalize shule. Mwambie umetoa, kiasi gani, na umegundua umekosea. Atanuna siku tatu, hiyo ni haki yake. Baada ya hapo soma mlichoandikiana, kama mliandikiana. Kama kuna sehemu inasema utaikagua kwanza, mpigie mwambie unaleta fundi apime kompresheni (presha inayobanwa) ya kila silinda na kusoma kompyuta, na unataka karatasi za kuichipu. Akikubali na ikaonekana ina ubovu, una sababu ya kudai chako. Akikataa fundi asiiguse, hapo hata ningekuwa nimekwambia Evo ni nzuri ningekwambia ukimbie. Na kama hakuna maandishi na kaamua kula hela yako, iache. Inauma, ila ni ndogo kuliko injini.

Usimalize hela yote kwenye kununua. Zuia sehemu ya kutosha tairi nne, sevisi kamili ya injini na ya gia, maji ya breki mapya, na kitu kimoja kikubwa ambacho hukukijua, maana kwa gari iliyotumika kitu hicho kipo tu, tofauti ni lini.

Na siku ya kwenda kuijaribu hiyo GTI, waifu aendeshe kwanza. Wewe kaa nyuma katikati ya siti mbili za watoto. Ndiyo, zibebe siti, zote mbili, hasa ile kubwa ya mdogo inayotazama nyuma, ifunge, kisha ujaribu kama siti ya mbele bado inarudi nyuma mpaka magoti yako yapite.